Ukoko wa mafuta: namna nilivyosafisha injini ya Honda ya marehemu baba

Honda ya marehemu baba ilisimama kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba yetu ya Jambiani, Unguja, tangu mwaka 2012, magurudumu yake yakiwa hayana upepo na kiti chake kikiwa kimefanywa kiota na kuku. Ni pikipiki ya CG125 iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baba aliinunua mwaka 1991 kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anahamia Bara. Kwa zaidi ya miaka ishirini ilimpeleka skuli asubuhi na kumrudisha adhuhuri, na bamvua ikiisha ilibeba magunia ya mwani ya mama kutoka pwani hadi kwa mnunuzi. Nilipoamua kuifufua mwezi wa Januari mwaka jana, nilijitayarisha kwa kazi ya umeme, kabureta, mipira na breki. Kazi ya kusafisha injini niliihesabu kuwa ya siku moja. Ilinichukua majuma kumi na moja, ikanigharimu kava nzima ya injini, na ikaniachia kovu kwenye mkono wa kushoto ambalo ningeweza kuliepuka kama ningepata mtu wa kunieleza haya ninayoyaandika hapa.

Nieleze kwanza uchafu wenyewe, kwa sababu makosa yangu mengi yalitokana na kudhani kwamba uchafu wote ni mmoja. Chini ya injini na nyuma ya kava ya spoketi, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo, kulikuwa na tope nene jeusi, laini kama mgando, lililochanganyika na mchanga wetu mweupe wa matumbawe. Hili lilikuwa grisi ya mnyororo na vumbi la njia, na kulitoa si kazi ngumu. Juu yake, kwenye kava za pembeni, kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia, mwembamba na unaong'aa, ambao ukipitisha ukucha hauachi alama. Halafu kulikuwa na ule uliokaa katikati ya mapezi ya silinda, hasa upande wa mbele lilipofungwa bomba la moshi, ambao ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama mkaa. Nilipomuita mama aje auone, aliinama, akaugusa kwa kidole, kisha akasema, "Huu ni ukoko, mwanangu."

Neno hilo ndilo lililokuwa na jawabu la kazi nzima, ila mimi sikulisikiliza siku ile. Mafuta ya injini yakivuja juu ya chuma cha moto kila siku kwa miaka, moto pamoja na hewa huyabadilisha taratibu: kwanza yanakuwa mazito, kisha yanashikana na kuwa kama vanishi, na mwishowe yanaungua na kubaki kaboni. Yakishafika hatua ya vanishi, hakuna kiyeyusho cha kawaida cha nyumbani kinachoyayeyusha kama sukari inavyoyeyuka katika chai. Yanaweza kulainishwa tu, yakavimba na kuachia, kama vile ukoko wa wali unavyoachia sufuria iliyotiwa maji usiku kucha. Anayeutoa ukoko kwa kisu huharibu sufuria, na kila mwanamke wa kijijini kwetu anajua hivyo, lakini tunapofika kwenye injini tunajisahaulisha.

Haja ya kuusafisha haikuwa ya urembo peke yake. Injini ya CG125 haina maji ya kupozea. Joto lake lote huondoka kwa hewa inayopita katikati ya mapezi, na mapezi yaliyofunikwa na ukoko ni sawa na mtu aliyevishwa koti la baridi mwezi wa Februari. Isitoshe, hakuna fundi anayeweza kujua injini inavujia wapi ikiwa imelowa mafuta kila upande.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Nilibeba pikipiki kwa gari ya kukodi hadi mahali pa kuoshea magari, nikamwambia kijana aipige maji ya presha mpaka yatoke yote. Tope la chini liliondoka kwa dakika kumi na ukoko haukutikisika hata kidogo. Nilichokipoteza pale sikukijua mpaka baadaye. Kabla ya kuoshwa, injini ilikuwa na ramani ya maradhi yake yote. Mafuta yanayovuja hushuka chini na husukumwa nyuma na upepo wa mwendo, kwa hiyo mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa ndipo karibu na chanzo. Ningekaa nusu saa na tochi na kalamu, ningeiona michirizi na kuandika inakoanzia. Badala yake niliifuta yote kwa maji. Na maji yale ya nguvu yakaingia mahali ambapo hayakutakiwa: niliporudi nyumbani na kufungua kifuniko cha bomba la mafuta ya injini, nilikuta mafuta yamegeuka rangi ya maziwa, ishara ya kwamba yamechanganyika na maji. Ilibidi niyamwage na kuanza kukausha ndani kabla sijagusa jambo jingine lolote.

Kwa anayetaka kuosha injini ya zamani, ushauri wangu ni kwamba mpira wa presha auache kabisa mpaka mwisho wa kazi, na hata hapo auache. Sili za mpira zilizokaa miaka thelathini na zaidi zimekuwa ngumu, na hazikutengenezwa kuzuia maji yanayokuja kwa nguvu kama ile. Kabla ya maji ya aina yoyote, toa kabureta na bomba la moshi, kisha ziba mianya yote miwili kwa kitambaa safi kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mpira wa tyubu ya zamani. Plagi iache mahali pake. Tenganisha betri na uitoe. Niliyafanya hayo yote baada ya ajali ile, na hayakunichukua zaidi ya saa moja.

Kosa la pili ndilo lililo kubwa, nami nalieleza kwa urefu kwa sababu nimewasikia vijana wengi wakipeana ushauri ule ule niliopewa mimi. Mama yumo katika kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani, na nyumbani kwetu haikosekani kostiki soda, ile inayochanganywa na mafuta ya nazi. Ami yangu mmoja, ambaye alifanya kazi ya karakana mjini kwa miaka mingi, alinieleza kwamba zamani walikuwa wakichemsha vyuma vyenye mafuta ndani ya pipa la kostiki, na vikitoka huwa vyeupe kama vipya. Alikuwa anasema kweli. Ila vyuma alivyovisema vilikuwa chuma hasa, yaani bolti, fremu na gia, na mimi nilikuwa na kava ya klachi ya aluminiamu mkononi.

Nilikuwa nimeshaifungua kava ile ya kulia baada ya kumwaga mafuta. Nikachanganya kostiki kwenye ndoo ya plastiki, nikaitumbukiza, na mara maji yakaanza kuchemka yenyewe bila ya moto. Mapovu madogo madogo yalipanda kwa wingi, ndoo ikapata joto hata nikaogopa kuishika, na harufu kali ikanipanda puani. Nilifurahi. Nilidhani kile ni kitendo cha uchafu kutoka. Kumbe kostiki ilikuwa inaila aluminiamu yenyewe, na yale mapovu yalikuwa ni gesi ya haidrojeni, gesi inayoripuka kwa cheche moja, nami nilikuwa hatua chache kutoka kwenye jiko la makaa la mama. Aluminiamu hujikinga kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi inayojitengeneza yenyewe juu yake, na ngozi hiyo ndiyo kitu cha kwanza kostiki inachokiyeyusha. Ikishayeyuka hakuna kizuizi tena.

Niliiacha kwa dakika arubaini. Nilipoitoa, ukoko ulikuwa umetoka kweli, na rangi ya fedha ya kiwandani imetoka nayo, na kava nzima imekuwa nyeusi kama iliyopakwa masizi. Weusi ule ni mabaki ya madini mengine yaliyochanganywa na aluminiamu, ambayo kostiki haiyayeyushi. Niliisugua kwa msasa wa maji wa namba 400 kisha 600 hadi mikono ikavimba, na chini ya weusi nikakuta vishimo vidogo vidogo kila mahali, kama uso wa jiwe la pwani. Hilo ningelistahamili. Lakini uso wa kava unaokutana na gasketi, ile karatasi nzito inayokaa kati ya vyuma viwili kuzuia mafuta yasivuje, ulikuwa umeliwa pia, na uso ule ukishapoteza unyoofu wake hakuna gasketi itakayozuia mafuta.

Wakati wa kuitoa kava ndooni ndipo nilipopata kovu. Matone mawili au matatu yaliruka juu ya glavu na kuingia ndani ya mkono wa shati. Sikuhisi kitu kwa muda, na hiyo ndiyo hatari ya kostiki, kwamba huanza kuteleza juu ya ngozi kama sabuni kabla ya kuunguza. Mama ndiye aliyeliona doa kwenye shati, akanivua shati kwa nguvu na kunimwagia maji mkononi kata baada ya kata kwa zaidi ya dakika ishirini. Mtu mmoja alileta siki akasema nipake ili iue kostiki, na mama akakataa. Alikuwa na haki, kwa sababu katika kikundi chao wamefundishwa kwamba ngozi huoshwa kwa maji mengi tu na kwa muda mrefu. Wenzake wanapotengeneza sabuni huvaa miwani, glavu ndefu na nguo zinazofunika mikono, na huitia kostiki kwenye maji kidogo kidogo, hawatii maji kwenye kostiki. Nilikuwa nimeishi na elimu ile nyumbani na sikuuliza swali hata moja.

Kava ya kulia nyingine, iliyokwisha kutumika lakini nyoofu, niliipata Kariakoo kwa msaada wa rafiki, ikaja kwa boti. Kwa hiyo naomba anayesoma aangalie na dawa za madukani pia. Dawa nyingi za kusafishia oveni zina kostiki ndani yake, hata kama harufu imefunikwa kwa manukato ya limau. Soma nyuma ya chupa, na ukikuta kostiki, iweke mbali na aluminiamu. Maji ya betri, ambayo nayo nilipendekezewa, ni asidi kali na sikuyagusa kabisa.

Petroli nayo niliijaribu asubuhi moja tu. Inakata mafuta haraka, sina ubishi juu ya hilo, lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji yanavyotambaa sakafuni, na huweza kufika jikoni kabla ya wewe kuusikia harufu. Mama aliusikia akiwa anakoka moto, akazima kila kitu akanijia banda­ni. Siku ile sikuongea naye mpaka magharibi kwa aibu niliyokuwa nayo.

Basi nikarudi kwenye neno lake la kwanza. Ukoko hulowekwa.

Nilichagua mafuta ya taa. Nayo yanashika moto, na lazima yatumike nje, kwenye kivuli chenye upepo, bila jiko wala sigara karibu, lakini hayatoi mvuke wa hatari kwa wepesi kama petroli. Dizeli inafaa pia na inalainisha vizuri, ila inaacha utando wa mafuta unaodai sabuni nyingi baadaye. Pikipiki niliisimamisha juani asubuhi kwa saa moja na nusu, kwani aluminiamu iliyopata joto la jua hupokea mafuta ya taa vizuri kuliko iliyo baridi. Sisemi joto la injini iliyotoka kuendeshwa. Mafuta ya taa hayamwagwi juu ya injini ya moto kwa hali yoyote. Ninasema joto la jua ambalo mkono unaweza kulivumilia.

Kisha nikachana kanga kuukuu vipande virefu, nikavichovya, nikavikamua kidogo, nikavizungusha kwenye mapezi na juu ya kava ya kushoto kama mtu anavyofunga bendeji, vikashikana na chuma kila mahali. Juu yake nikafunga mifuko ya nailoni, na hili ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote. Kabla ya hapo nilikuwa napaka mafuta ya taa kwa brashi na kuyaacha, na katika saa moja tu upepo wa pwani ulikuwa umeyakausha, na ukoko umebaki kama ulivyo. Chini ya nailoni yalibaki majimaji usiku kucha. Sehemu zenye waya na mipira nilizikwepa, kwa sababu mafuta ya taa yakikaa muda mrefu hulegeza mpira na kuuvimbisha.

Asubuhi ya kwanza nilipofungua, utando wa kahawia kwenye kava ya kushoto ulikuwa umelainika kiasi cha kutoka kwa kitambaa. Nilisimama nikautazama kwa muda. Chini yake rangi ya fedha ya kiwandani ilikuwa bado ipo, imefifia lakini nzima, na nikaikumbuka kava ya kulia ambayo ingekuwa hivyo hivyo.

Mapezi yalihitaji usiku wa pili, wa tatu na wa nne. Kila asubuhi nilitoa tabaka moja na kulowesha tena. Zana niliyoiona bora kwa nafasi za katikati haiuzwi katika duka la vipuri: ni chelewa. Njiti ya ukuti wa mnazi iliyokauka, ukiichonga ncha bapa kwa kisu, ni ngumu kuliko ukoko uliolainika na ni laini kuliko aluminiamu, na huingia mpaka kwenye shina la pezi ambako brashi haifiki. Nilitumia fagio karibu nzima. Kwa sehemu pana nilitumia usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, uliofungwa kwa kamba, na pale karibu na tundu la moshi, palipokuwa na kaboni hasa, nilitumia brashi ndogo ya nyuzi za shaba. Shaba inaruhusiwa kwa mkono mwepesi. Brashi ya chuma inaacha mikwaruzo, na ile pamba ya chuma ya kusugulia sufuria ina ubaya mwingine ambao niliugundua baada ya juma moja: vipande vyake vidogo vinajipachika ndani ya aluminiamu, na kwa hewa yetu yenye chumvi vikaota kutu. Nilikuwa nimeisugulia sehemu moja tu chini ya kava ya spoketi, na sehemu ile ikatoka madoa mekundu ambayo nilikaa siku nzima kuyang'oa.

Kuna kosa jingine la mkono ambalo nalisikitikia. Gasketi ya zamani ya kava ya klachi ilikuwa imeganda kwenye mwili wa injini, nami nikaikwangua kwa bisibisi. Mara moja bisibisi iliteleza na kuacha mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele kutoka ndani hadi nje. Mkwaruzo kama ule ni mfereji. Ilibidi niujaze kwa gundi ya gasketi inayostahamili joto, na mpaka leo huutazama kila ninapoinama. Gasketi nayo hulowekwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kwa saa kadhaa, na hukwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu au cha plastiki. Mimi sasa hutumia kipande cha mwiko uliovunjika.

Ukoko ulipokwisha, niliosha kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika maji ya vuguvugu. Sabuni ya unga ni kali zaidi kwa aluminiamu, na kama huna nyingine basi usiiache ikauke juu yake. Kisha nikasuuza kwa maji ya kisima chetu, na hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa pwani hakupaswa kulifanya. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Tunayaogea, tunafulia, na wala hatuyafikirii. Baada ya siku tatu mapezi niliyoyahangaikia kwa siku nne yalikuwa na unga mweupe katika kila pembe, na vichwa vya bolti vimeanza kuwa vyekundu. Uchafu wa mafuta, pamoja na madhara yake yote, ulikuwa umeikinga aluminiamu ile na chumvi ya bahari kwa miaka. Mimi nilikuwa nimeuvua na kuimwagia chumvi juu ya mwili mtupu.

Nikasubiri masika. Mwezi wa Machi ulipokaribia kwisha mvua zikaanza, mama akatega mapipa chini ya bati, na maji yale ya mvua ndiyo niliyosuuzia mara ya pili, ndoo sita, baada ya kuutoa unga mweupe kwa mswaki na ndimu iliyotiwa maji mengi na kusuuzwa hapo hapo. Anayekaa mjini na kupata maji matamu ya mfereji hana haja ya kusubiri mvua. Anayekaa Jambiani, Paje, Makunduchi au Nungwi, na aonje maji yake kwanza kabla ya kuyamwaga juu ya injini. Baada ya kusuuza niliikausha kwa upepo wa pampu ya fundi wa mipira, nikielekeza upepo kwenye mashina ya mapezi na matundu ya bolti, kisha nikaiacha juani mpaka alasiri.

Swali la mafuta machafu lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimetumia lita nane za mafuta ya taa, na mwisho wa kazi nilikuwa na dumu mbili za kioevu cheusi chenye mchanga chini. Mtu wa kwanza niliyemuuliza aliniambia nimwage nyuma ya ukuta. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu kama sifongo, na kile kinachomwagwa juu hakichukui muda kufika kwenye maji ya chini, ambayo ndiyo hayo hayo ya kisima. Niliyaacha kwenye dumu yatuame kwa juma mbili, nikamimina mafuta ya juu taratibu kwenye dumu nyingine kwa ajili ya kusafishia vyuma vingine, na masalio pamoja na mafuta ya injini yaliyoharibika nikayapeleka kwa fundi mmoja mjini anayekusanya mafuta machafu kwenye pipa. Nilifanya kazi yote juu ya turubai la plastiki lenye kingo zilizoinuliwa kwa mbao, na namsihi kila mwenye kisima afanye hivyo.

Nikaifunga injini kwa gasketi mpya, nikatia mafuta mapya kiasi cha lita moja hivi, na baada ya kiki ya kumi na kitu ikaitika. Mama alitoka jikoni. Hakusema neno, alisimama mlangoni ameshika mwiko, akisikiliza mpaka nilipoizima.

Bado kulikuwa na suala la kujua mafuta yalikuwa yanavujia wapi miaka yote ile, kwa kuwa ramani niliifuta mwenyewe kwa maji ya presha. Fundi mmoja mzee alinipa njia ambayo sikuijua. Injini ikiwa safi na kavu kabisa, unaipulizia poda ya watoto mpaka iwe nyeupe, unaiendesha dakika kumi, unasimama na kuitazama. Mafuta yakitoka, hata tone moja, hupita ndani ya poda na kuacha mstari mweusi ulio wazi. Niliendesha hadi Paje na kurudi. Mistari ilikuwa miwili: mmoja ulianza chini ya kifuniko cha valvu upande wa mbele, na huo ndio uliokuwa umelisha ukoko wote wa mapezi kwa miaka, na gasketi yake ilikuwa ndogo na ya bei nafuu. Mwingine ulitoka kwenye shafti ya pedali ya gia, kwenye sili.

Kuhusu gharama, nilizihesabu zote kwenye daftari. Mafuta ya taa, brashi, glavu, sabuni na seti ya gasketi zilifika shilingi 80,000. Kostiki, msasa, kava ya kulia ya kubadilisha na nauli ya kuisafirisha zilifika 72,000. Fungu hili la pili lote lilitokana na ile ndoo. Sijahesabu gari ya kukodi, wala mafuta ya injini yaliyogeuka maziwa, wala siku za kazi nilizopoteza mkono ukiwa umefungwa.

Watu wananiuliza kwa nini sikuipaka injini rangi mpya baada ya kazi yote hii. Kava ya kulia niliipaka, rangi ya fedha inayostahamili joto, tabaka mbili nyembamba. Mapezi niliyaacha, kwani rangi nene inazuia joto kutoka, na nisingependa kuyafunika tena baada ya kuyafunua. Kava ya kushoto nayo niliiacha na rangi yake ya kiwandani, iliyofifia mahali ambapo kiatu cha baba kilikuwa kikigusa kila alipobadilisha gia. Kila wiki huipitishia kitambaa chenye mafuta kidogo sana ya injini kwenye kava na vichwa vya bolti, siyo kwenye mapezi ambako yangeungua, ili chumvi isipate pa kushika.

Sili ya shafti ya gia niliiagiza Kariakoo na haijafika. Kwa sasa chini ya pedali kunatoka tone moja kwa safari ya kwenda mjini na kurudi. Nimeweka kipande cha kanga kwenye kiti, na nikifika tu nalifuta likiwa bado majimaji.